Moto wa Chini ya Pipa

Juzi nilikwenda Katesh kupimwa macho. Foleni ilikuwa imetoka mpaka nje, nikapata nafasi kwenye benchi kando ya mwanamke mmoja mrefu, mkongwe kama mimi, kajifunga kitenge juu na chini. Yeye hakunitazama. Mimi ndiye niliyemtazama, maana pamoja na ukungu huu wa macho yangu bado niliziona zile duara za makovu walizomchora usoni alipokuwa msichana, zimezunguka macho kama miwani, nikajua ni Udagwenga, Mbarbaig aliyekuwa jirani yangu kule tambarare nilipokuwa mke kijana. Nikamsalimia. Akaniangalia muda mrefu, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali, "Wewe si yule wa pipa?" Benchi zima likacheka, na hawakujua hata ni pipa gani. Nimezaa, nimezika mume, nimesimamia akina mama wa kanisa letu mpaka magoti yakakataa, na mtu niliyeishi naye jirani ananikumbuka kwa pipa. Tuliongea mawili matatu, akaitwa ndani, nikaitwa mimi, tukapotezana. Nilirudi nyumbani Nangwa nimenuna, na hapa ninapoandika bado nimenuna kidogo. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma anivumilie nikitoka njiani. Nitarudi.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa miaka ya ruksa. Hata mkoa wa Manyara haukuwepo, tulikuwa watu wa Arusha, na ukitaka muhuri wa maana ulipanda lori mpaka huko ukarudi na vumbi masikioni. Watu wa mjini wanaikumbuka ruksa kwa furaha, kwamba sabuni ilirudi dukani na mtu aliweza kuvaa suruali ya mitumba bila kuulizwa kaitoa wapi. Sisi ilitufikia kwa njia nyingine. Mashamba ya ngano ya serikali yalianza kupunguza watu, na mume wangu Bura, aliyekuwa fundi msaidizi kwenye karakana yao, akarudishwa nyumbani. Halafu wakaanza kuja watu na matrekta yao wenyewe, kutafuta ardhi. Na sisi tulikuwa na shamba chini kwenye tambarare, upande wa kuelekea Getanuwas, ambalo kijiji kilimpa Bura aliponioa, na kwa kuwa yeye alikuwa kwenye ngano na mimi nilikuwa na mimba halafu mtoto halafu mimba, halikuguswa misimu kadhaa. Likaota majani mazuri kabisa. Mwenyekiti wa kijiji akasimama mkutanoni akasema kwamba shamba litakalokutwa halijalimwa mvua za kupanda zikianza, litapewa mwenye uwezo. Aliposema mwenye uwezo alimgeukia bwana mmoja mwenye kofia ya pama, ambaye alikuwa amekalishwa kwenye kiti wakati sisi tumekaa chini. Trekta lake lilikuwa limeegeshwa nje ya ofisi, na watoto wetu walikuwa wameshalipanda, wanalishangilia.

Sasa, kulima shamba kubwa kwa jembe la mkono si kazi ya mume na mke. Kwetu Wairaqw watu hawakodiwi kwa fedha. Unawaita, na unawapikia pombe. Hiyo ndiyo desturi, na ina ugumu wake ambao mtu wa bia za chupa hawezi kuujua. Siku ya kulima inatangazwa kwanza, na pombe inapikwa kuifuata siku. Pombe yetu haisubiri mtu. Ikiwahi kwa siku moja imeshakuwa chachu inayokunja uso, ikichelewa kwa siku moja bado ni uji. Watu wanakuja alfajiri na majembe, wanalima, jua likipanda wanakunywa, wanaume kwanza kwa kufuata umri, halafu wanawake wanapata iliyobaki na machicha yake. Wakikuta pombe haiko sawa wanageuza, na hawakuapizi wala hawakugombezi, ila ukiwaita tena wanakuwa na shughuli. Kwa hiyo shamba letu zima lilikuwa linaning'inia kwenye pombe ya siku moja. Nililijua hilo nikiamka, nililijua nikilala, nilikuwa nikinyonyesha mtoto naangalia mawingu nayahesabia makosa.

Nyumba tulimokaa ilikuwa ya mama mkwe. Chumba cha kupikia kilikuwa nyuma, cheusi kwa moshi mpaka ukuta unang'aa, na mlango wake mfupi kiasi kwamba aliyeingia aliingia ameinama kama anatoa heshima, na nadhani ndivyo mama mkwe alivyopenda. Upande mmoja walilala mbuzi wadogo. Upande mwingine palikuwa na mafiga na vyungu vyake vya pombe, vinne, vilivyopangwa kwa ukubwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvisogeza. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, maneno machache, na kila asubuhi nilipomwamkia, "Shikamoo, mama," alijibu marahaba akiwa ameshaangalia kwingine. Tulikula ugali na mlenda, au ugali na maziwa ya mgando tulipoyapata, na mazungumzo yalikuwa yale yale. Vyungu vinne vinatosha kuwanywesha watu wa kulima bustani. Shamba la tambarare linataka watu wa mtaa mzima.

Bura ndiye aliyekuja na pipa. Alilitoa huko huko kwenye ngano, pipa la mafuta lililofutwa kwenye hesabu zao, akalichoma ndani kwa majani makavu, akalisugua kwa mchanga na majivu, akalikata juu, akalichomelea mikono miwili ya nondo. Alikuja amelala juu ya trela la mtu, amelikumbatia. Mama mkwe alitoka nje, akalizunguka, akaligonga kwa kidole.

"Hili ni la kuogea?" akauliza.

"Ni la kupikia, mama. Linachukua vyungu vyako vyote na nafasi inabaki."

"Na moto wake utautoa wapi?"

Bura akacheka, akasema moto ni moto. Hapo ndipo alipokosea mume wangu, na ninasema hivyo nikiwa nimempenda. Moto si moto. Ningekuwa nimesoma ningeandika kitabu kizima juu ya hilo, lakini naona watu wa siku hizi wanawasha gesi kwa kuzungusha kidole, wananiangalia kama ninaeleza habari za simba.

Tulianza na kuni, kwa kuwa kuni ndizo tulizozijua. Lakini kuni zenyewe zilikuwa mlimani, na mlima Hanang una walinzi wake wa msitu. Ukikamatwa na mzigo unauacha mzigo, na kamba, na panga. Kwa hiyo tulikusanya miiba ya tambarare, mimi na mama mkwe, tukarudi na migongo imechanika, ili tufanye jaribio la nusu pipa kabla ya kutangaza siku. Bura alikuwa amechimba shimo refu kama kaburi la mtoto, akalijengea mawe na udongo pembeni, pipa likakaa juu. Moto wa miiba ni mkali na una hasira. Chungu cha udongo ni kinene, kinaupokea moto polepole na kinaugawa. Bati la pipa halina subira hiyo. Uji wetu ulianza kushika chini kabla juu haujapata joto, na mwiko ulikuwa mfupi, nilisimama juu ya jiwe nikikoroga huku moshi unaingia puani na maziwa yananichuruzika kwa sababu mtoto analia ndani. Pombe ilipoiva ilikuwa na harufu ya nyumba iliyoungua. Tulimpa nguruwe. Nguruwe alikunywa, kwa hiyo Bura akasema jaribio halikushindwa kabisa.

Jaribio la pili lilikuwa lake mwenyewe. Kwenye karakana walikuwa wakipasha vyuma kwa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini. Akaweka rimu ya trekta chini ya pipa, akapitisha kibomba, oili ikawa inadondoka tone tone juu ya chuma cha moto. Sitasema uongo, ulikuwa moto wa ajabu. Ulinguruma. Wanaume wa mtaani walikuja kuuangalia wakiwa wamekunja mikono nyuma, na Bura akawa anaeleza, anapunguza tone, anaongeza tone, na kwa muda mfupi nilimwona tena yule kijana wa karakana niliyekubali kuolewa naye. Mama mkwe alifunika vyungu vyake kwa ngozi ili masizi yasivifikie. Uji haukuungua safari hii. Ila pombe yake ilinuka dizeli. Mzee Hhawu, aliyekuwa ndiye kiongozi wa kulima mtaani kwetu, mwanamume mpole wa sauti nzito, alionjeshwa kwenye kata. Akaizungusha mdomoni, akaitema kwa adabu pembeni.

"Bura," akasema, "mtu akinywa hii asikae karibu na kiberiti."

Walicheka wote, na Bura alicheka nao, lakini jioni hakula. Alikaa kwenye ngozi akivuta nyuzi za gunia moja baada ya nyingine. Nikamwambia tuache pipa, tuazime vyungu kwa majirani. Mama mkwe akajibu kabla yake, akisema vyungu vya watu vina pombe za watu, na kwamba hajawahi kuazima chungu na hataanza uzeeni. Basi hapo nilipandwa na hasira kwa wote wawili. Mmoja hataki pipa na hataki kuazima, mwingine hataki kitu kisichonguruma, na mawingu yanakusanyika upande wa ziwa, zinakotokea mvua zetu. Mzee Hhawu naye alikuwa ameshatangaza siku. Ilikuwa Jumatano baada ya mnada. Hakuwa na namna, alisema, mitaa mingine nayo ilikuwa ikimwita.

Wazo la mavi ya ng'ombe lilikuwa langu. Nilikuwa nimeona kwa Wabarbaig moto wa mavi makavu ukikaa siku nzima bila kelele, mwekundu ndani, mweupe juu, haupandi wala haushuki. Nikasema huo ndio moto wa bati. Kwetu sisi mavi tuliyokuwa nayo ni ya mbuzi na ng'ombe wachache, hayakutosha. Boma la Udagwenga lilikuwa huko chini, kwenye ukingo wa juu wa shamba letu, limezungushiwa miiba, na mavi ya miaka yamekauka kwenye zizi la zamani kama matofali. Nikamfunga mtoto mgongoni nikashuka. Nilimkuta anashona shanga kwenye sketi yake ya ngozi. Tulikuwa karibu umri mmoja, hatukuamkiana shikamoo, tulishikana mikono tu. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, na changu hakikuwa kirefu sana.

"Mavi yapo," akasema. "Ya nini?"

"Ya kupika pombe."

"Pombe ya nani?"

"Ya watu wa kulima."

"Kulima wapi?"

Nikaonyesha kwa kidevu. Ng'ombe wake walikuwa pale pale nilipoonyesha, kwenye majani yetu, wamezama mpaka magotini. Akaweka sindano chini.

"Mke wa Bura. Unataka mavi ya ng'ombe wangu yapike pombe, watu wanywe, walime majani ya ng'ombe wangu."

"Ndiyo hivyo."

"Huna aibu."

"Sina," nikasema. "Lakini tusipolima sisi, analima mwenye trekta. Huyo hutamwomba hata njia."

Aliangalia ng'ombe, aliangalia lambo lililokuwa ng'ambo ya shamba, walipokuwa wakinywa maji. Nilijua anafikiri nini kwa sababu ungekuwa mimi ungefikiri hivyo hivyo. Mwisho akasema kwao hawauzi mavi, ni aibu, lakini atanipa kama nitampa njia. Ikate shamba kutoka juu mpaka kwenye lambo, isilimwe, upana wake ng'ombe wawili waweze kupishana pasipo mmoja kumgusa mwenzake kwa pembe. Nikakubali. Nilipanda na gunia la kwanza kichwani. Bura aliposikia alisimama.

"Umegawa shamba langu kwa mavi?"

"Nimegawa njia. Shamba bado huna."

Mama mkwe, aliyekuwa akipepeta kimea mlangoni, alikohoa, na mpaka leo naamini kilikuwa kicheko. Bura akaenda kubeba magunia mengine.

Tulipika siku mbili kabla ya Jumatano. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule na sipendi kuikumbuka. Moto wa mavi ulifanya kila nilichosema. Uji ulichemka taratibu kama mtu mzima anayeongea, haukushika popote. Bura alikuwa ametengeneza mwiko mrefu kwa mti mzima, tukapokezana. Mama mkwe alichovya kidole akaonja, akanyamaza, na kwake kunyamaza kulikuwa sifa. Tulikula viazi vilivyochomwa kwenye majivu yale, tukiwa tumekaa watatu pamoja kuzunguka pipa, na yeye akasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akipika pombe huko Mbulu kwenye baridi, wakati mtu alikuwa akilala amekumbatia chungu ili kichachuke. Sikuwahi kumsikia akiongea kirefu hivyo. Kisha tukaacha uji upoe, maana kimea hakipendi moto. Kimea kikiingia kwenye joto kinakufa, na pombe bila kimea hai ni uji wenye rangi. Unapima kwa kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Kiwiko kikikubali, unamimina. Alasiri nikaweka kiwiko, kikakubali. Mama mkwe akaweka cha kwake, kikakubali. Tukamimina kimea chote cha mtama, kile alichokiotesha mwenyewe kwa wiki nzima kwenye magunia yenye unyevu, tukakoroga, tukafunika kwa gunia.

Ukipika kwa kuni, unachomoa kuni. Ukipika kwenye chungu, mnashika wawili, mnakiepua. Mavi huchomoi, na pipa lililojaa haliepuliwi na mtu yeyote niliyemjua. Tuliona juu pamefanya majivu meupe, tukadhani moto umelala. Haukulala. Ulikuwa chini ya majivu yake, mwekundu vile vile, unalipasha pipa tena kutoka chini, polepole na kwa usawa, kama nilivyousifia. Jua lilikuwa halijazama mama mkwe alipopita na maji ya mbuzi, akaweka mkono ubavuni mwa pipa, akautoa haraka. Alifunua gunia, mvuke ukatoka.

Bura alichukua jembe akaanza kuvuta mavi nje ya shimo, yakavunjika yakawa unga wa moto, yakamchoma miguu. Mimi nikamwaga ndoo ya maji shimoni, majivu yakaruka yakaingia kwenye pombe. Bura akataka kumwaga maji baridi ndani ya pipa, mama mkwe akamzuia kwa mkono.

"Kimekufa," akasema. "Utakiosha kama maiti?"

Tuligombana. Bura alisema ni mavi. Nilisema ni pipa. Mama mkwe hakusema ni nini, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Kimea kingine hakikuwepo, na hata kingekuwepo siku hazikuwepo. Pombe iliyo hai ina sauti, ukiweka sikio unasikia kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Kesho yake niliweka sikio kwenye lile pipa asubuhi, mchana, na jioni. Nilisikia mbuzi tu. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hatukutuma habari watu wasije. Tungetuma habari, siku ingekwenda mtaa mwingine, na mvua ilikuwa imeshanyesha kule ng'ambo ya mlima. Bura alisema waache waje, huenda wengine wakabaki kwa ubinadamu. Nikamwambia ubinadamu haulimi nyasi za mizizi ile.

Jumatano walikuja. Umande bado uko, wanaume mbele na majembe begani, wanawake nyuma na majembe mkononi. Mzee Hhawu alipewa kata kama desturi. Akanywa, akasubiri, akanywa tena, nadhani kwa kunihurumia.

"Mke wa Bura," akasema polepole, "hii ni ya mtoto anayeota meno."

Nyuma mtu akauliza, "Kwani tumeitwa kunyonya?" Mwingine akamwambia Bura ndiyo maana mashamba ya ngano yalikufa, matrekta walikuwa wakiyapa uji. Bura alisimama kando ya pipa lake, nyayo zake zimefungwa vitambaa kwa ajili ya moto, hakuinua uso. Mzee Hhawu akawanyamazisha. Akatuambia hawakatai kazi, ila akiwaambia wanaume walime kwa togwa leo, kesho kila nyumba itapika togwa, na desturi itakuwa imekufa mikononi mwake. Nilimwelewa. Ningependa kusema nilimchukia, lakini nilimwelewa, na ndiyo maana hasira ile haikupata pa kwenda. Waliweka majembe begani wakaondoka, wakizungumzia mambo mengine kabla hata hawajafika kwenye mti wa kona.

Wanawake walikuwa bado wamesimama. Mwanamke akiondoka mapema nyumbani kwa mtu anarudi nyumbani kwake kwenye kazi ile ile, kwa hiyo hawakuwa na haraka. Mama mkwe akachukua kata. Akawaambia wakae, leo hakuna wa kumsubiri. Akaanza kuwagawia yeye mwenyewe, kata imejaa mpaka pembeni, hakuna machicha, na togwa ile ilikuwa tamu, hiyo siwezi kuikana, tamu kama miwa. Mmoja, Ema, mke wa yule aliyeuliza habari za kunyonya, alikunywa mbili mfululizo akafuta mdomo.

"Miaka yote hii," akasema, "sikujua kumbe juu ya mtungi panakuwa hivi."

Wakalima. Mama mkwe alilima. Bura alilima katikati yao na miguu yake ya vitambaa, nao wakimtania kila alipochelewa, "Mke mwenzetu, sogea," na alisogea. Tuliacha njia ya Udagwenga katikati kama nilivyoahidi, tukiipima kwa majembe mawili yaliyolazwa. Lakini wanawake wale wote pamoja walikuwa nusu ya watu tuliowahitaji. Jua lilipokaribia kuzama tulikuwa tumefika katikati ya shamba, upande wa juu. Wakanawa miguu, wakaenda kupika. Usiku ule mvua ikanyesha.

Mwenyekiti alikuja na mwenye kofia ya pama, matope yakiwa bado mabichi. Alitembea kwa hatua mpaka palipoishia udongo mweusi, akachomeka kijiti.

"Palipolimwa ni pa Bura," akasema. "Pasipolimwa ni pori."

"Shikamoo, mwenyekiti," nikamwambia. "Tupe wiki moja."

"Marahaba. Mvua inawapa wangapi wiki moja, mama?"

Trekta likashuka siku ile ile. Lilichofanya kabla ya chakula cha mchana sisi tungekifanya kwa pombe tatu. Lililima mpaka kwenye kijiti, na halikuwa na habari na njia yoyote. Nilipomwambia dereva kwamba pale ni mapito ya ng'ombe, alisema yeye ameambiwa alime, kama kuna ng'ombe wazungumze na bosi. Bosi aliweka mlinzi mwenye upinde.

Kwa hiyo njia niliyoitoa ilishuka kutoka juu, ikakata sehemu yetu, ikaishia kwenye matuta ya mtu mwingine. Ng'ombe wa Udagwenga walichungwa mbali kwa siku kadhaa baada ya mvua, maana maji yalikuwa kila mahali, nami nikapata muda wa kujidanganya kwamba mambo yatajipanga. Mahindi yetu yakaota, yakafika kifundo cha mguu. Halafu vidimbwi vikakauka, na asubuhi moja nikasikia kengele. Walishuka kwenye njia yao kama walivyoahidiwa, Udagwenga mbele na mume wake nyuma, wakafika kwenye kijiti wakasimama. Mlinzi alikuwa amesimama upande wa pili. Ng'ombe wa nyuma wakawa wanasukuma wa mbele, pembe zinagongana, na lambo linaonekana pale pale, linang'aa. Udagwenga aligeuka akanitafuta kwa macho. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kujibu.

Pembeni ya shamba letu, upande wa mashariki, palikuwa na korongo linalozunguka nje ya shamba la bosi mpaka kwenye lambo. Ili ng'ombe walifikie ilibidi wapite kwenye mistari yetu ya chini, yote, kutoka kwenye njia mpaka ukingoni. Niliingia nikainama nikaanza kung'oa mahindi. Yalitoka kirahisi, mizizi yake ilikuwa bado laini. Bura alikuja mbio na fimbo akidhani ni ng'ombe walioingia, akanikuta ni mimi.

"Tumelima na wanawake," akasema, "tumechekwa na wanaume, tumenyang'anywa nusu. Na sasa unang'oa mwenyewe."

Nikamwambia ashike mstari wa pili, tuung'oe umenyooka, ng'ombe wasije wakakanyaga na mengine. Akamwangalia Udagwenga, akamwangalia mlinzi mwenye upinde, akayaangalia mahindi yake. Alitukana kidogo, kwa Kiiraqw, ili jirani asielewe. Kisha akaweka fimbo chini, akainama.